Dereva nyota akihamia timu pinzani

Dereva wa mbio za magari anapohama timu, huondoka na vitu vichache: mikono yake, macho yake, uzoefu wake, na msoma ramani wake ikiwa mikataba inaruhusu. Gari linabaki. Wanabaki pia mafundi waliozoea kulirekebisha kwa kufuata malalamiko yake, wahandisi wanaojua anamaanisha nini anaposema nyuma panateleza, na kumbukumbu za vipimo vya miaka kadhaa. Kwa hiyo swali la iwapo atang'ara huko aendako halijibiwi kwa kuhesabu mataji aliyokwisha kutwaa. Hujibiwa kwa kuangalia anachokikuta.

Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zina ushahidi mwingi kuhusu jambo hili. Msomaji wa Bukoba au Muleba anazielewa haraka kuliko mbio za Ulaya, kwa kuwa barabara zinazozungumziwa ni za aina anayoijua: udongo mwekundu unaotoa vumbi jembamba wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito mvua ikishika. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Anayepita barabara za vijijini za Muleba mwezi Aprili huchagua njia kila baada ya mita chache. Tairi zifuate mifereji iliyochimbwa na malori na tumbo la gari liburuzike katikati, au zipande ukingoni karibu na migomba na gari liteleze mtaroni? Dereva wa Safari hufanya uchaguzi huohuo, ila hana nafasi ya kusimama kutafakari.

Gari la mashindano hutengenezwa kumfuata mtu. Ugumu wa springi na shokapu, namna difu zinavyogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, uzito wa pedali ya breki, hata urefu wa kiti, vyote hupangwa kwa majaribio ya muda mrefu. Dereva wa basi la Bukoba kwenda Dar es Salaam akikabidhiwa basi jingine la aina ileile, siku ya kwanza hushuka milima kwa tahadhari, akiupima mguu wake kwenye breki asizozijua. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kuchelewa nusu saa na abiria wakanung'unika tu. Katika mbio, sekunde moja kwa kila kilomita humtupa dereva kutoka nafasi ya kwanza hadi ya sita.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Kenya Februari 1999. Colin McRae, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1995 na mshindi wa Safari ya 1997, mara zote mbili akiwa na Subaru, alikuwa amehamia Ford, ambayo mashindano yake yaliendeshwa na kampuni ya M-Sport ya Malcolm Wilson. Ford Focus lilikuwa gari jipya kabisa. Katika mbio zake za kwanza, Monte Carlo, matokeo ya McRae yalifutwa kwa sababu pampu ya maji ilikiuka kanuni. Sweden hakumaliza. Kwa hesabu ya kawaida, gari lenye umri wa mbio mbili lilipaswa kuvunjikia Kenya, mahali ambapo hatua moja ya mbio iliweza kuzidi kilomita 100 na barabara hazikufungwa kwa magari mengine, kiasi kwamba timu zilituma helikopta mbele kumwonya dereva kuhusu malori na ng'ombe. McRae akashinda, akiwaacha mbali Didier Auriol na Carlos Sainz wa Toyota, timu iliyokuwa bingwa wa mazingira hayo. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Focus. Wiki chache baadaye akashinda tena Ureno.

Aliyesimamisha hesabu hapo angesema uhamisho umefanikiwa. Hadi mwaka unaisha, McRae alikuwa wa sita duniani kwa pointi 23, na 20 kati ya hizo zilitoka katika ushindi ule wa mara mbili. Mbio nyingi zilizobaki hakuzimaliza, mara kwa kuharibikiwa, mara kwa kuanguka. Hapa ndipo watabiri wengi hukosea. Barabara mbaya huficha upungufu wa gari jipya, kwa sababu humruhusu dereva mwenye akili kupunguza mwendo na bado ashinde. Wapinzani nao wanapasua tairi, wanavunja shokapu, wanatoboa rejeta. Katika barabara laini za Ulaya hakuna anayengoja mwenzake aharibikiwe. Huko upungufu wa gari huonekana kila kona, na dereva akijaribu kuuziba kwa ujasiri, huishia kwenye miti. Ushindi wa Safari katika mwaka wa kwanza ni sifa ya dereva zaidi kuliko dalili ya afya ya timu.

McRae alihitaji misimu mitatu ili gari na yeye wakomae pamoja. Mwaka 2001 alishinda mbio tatu akiwa na Ford na akafika mbio za mwisho, nchini Uingereza, akiwania ubingwa. Alianguka siku ya kwanza, na Richard Burns wa Subaru akautwaa kwa pointi 44 dhidi ya 42.

Je, si suala la dereva kupoteza makali tu? Juha Kankkunen wa Finland anatoa jibu ambalo ni nadra kulipata katika michezo: dereva mmoja, timu moja, nyakati mbili. Alishinda Safari ya 1985 akiwa na Toyota, mara yake ya kwanza kabisa kushiriki. Akaenda Peugeot, akawa bingwa wa dunia 1986. Akaenda Lancia, akawa bingwa 1987. Mwaka 1988 akarudi Toyota, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaleta Celica ya kuendeshwa kwa magurudumu manne, na msimu huo ukawa wa kukatisha tamaa. Alirejea Lancia, akatwaa taji la 1991 pamoja na Safari ya mwaka huo. Kisha, mwaka 1993, akarudi Toyota kwa mara nyingine. Celica ilikuwa imeiva. Kankkunen alishinda Safari, Toyota ikashika nafasi nne za kwanza, na msimu ukaisha akiwa bingwa wa dunia. Kipaji chake cha 1988 na cha 1993 kilikuwa kilekile.

Taji la 1987 linaonyesha pia nguvu ya kanuni. Magari makali ya Kundi B yalipigwa marufuku mwisho wa 1986 baada ya vifo vya madereva na watazamaji. Timu nyingi zilibaki bila gari la kufaa, lakini Lancia ilikuwa na Delta tayari. Kuhamia Lancia majira yale kulikuwa sawa na kuingia nyumba pekee yenye paa siku ya mvua. Katika mbio za Formula 1 mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa Lewis Hamilton. Aliondoka McLaren kwenda Mercedes mwaka 2013, akashinda mbio moja tu msimu ule, na wapo waliomcheka. Mwaka 2014 kanuni za injini zilibadilika, Mercedes ikawa na injini iliyowazidi wote, na Hamilton akakusanya mataji sita hapo. Alipohamia Ferrari mwaka 2025 akiwa bingwa mara saba, alishinda mbio fupi za Shanghai mapema, kisha msimu ukaisha bila kupanda jukwaani katika Grand Prix hata moja. Wanaomtetea walielekeza macho mwaka 2026, ambao kanuni za injini na za bodi zilipangwa kubadilika tena. Hoja hiyo ina msingi, ingawa kanuni mpya haziahidi kumbeba mtu yeyote.

Katika mbio za barabarani kuna mtu wa pili ambaye magazeti humsahau. Msoma ramani husoma maelezo ya kila kona kabla gari halijaifikia, na dereva hukanyaga mafuta kwa kuamini sauti hiyo tu. Tommi Mäkinen alitwaa mataji manne ya dunia mfululizo akiwa na Mitsubishi, 1996 hadi 1999, na Safari ya 2001. Baadaye mwaka huohuo alipata ajali Corsica iliyomjeruhi vibaya msoma ramani wake, Risto Mannisenmäki. Mwaka 2002 Mäkinen aliingia Subaru akiwa na gari jipya kwake, mafundi wapya na msoma ramani mpya, Kaj Lindström. Alipewa ushindi wa Monte Carlo baada ya Sébastien Loeb kuadhibiwa kwa muda, na huo ukawa ushindi wake wa mwisho katika ubingwa wa dunia. Burns, bingwa wa 2001, naye aliingia Peugeot, ambako Marcus Grönholm alikuwa amekwisha kulizoea gari la 206 kama nyumba yake. Burns hakushinda tena mbio zozote za dunia hadi alipougua mwishoni mwa 2003.

Nafasi ndani ya timu si jambo dogo. McRae alipokwenda Citroën mwaka 2003 aliwakuta Loeb na Sainz. Alikuwa wa pili Monte Carlo, hakushinda popote, na timu zilipobanwa kubaki na madereva wawili, jina lake ndilo lililoondolewa.

Upande wa pili wa hesabu yupo aliyepata ushindi wake wote akiwa na kampuni ileile. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Alishinda Safari mara tano, 1973 na kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, zote akiwa na magari ya Datsun (Nissan). Ushindi wa 1973 ulikuwa wa kubana kupita kiasi: yeye na Harry Källström, naye wa Datsun, walilingana pointi za adhabu na ikabidi kanuni iamue. Ule mfululizo wa baadaye aliupata akiwa na msoma ramani mmoja, Mike Doughty, katika gari lililoboreshwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka kwa ajili ya barabara hizihizi. Si bahati kwamba ushindi huo wa mara tano ulijengwa mahali pamoja.

Kwa dereva wa Afrika Mashariki anayejilipia, kuhama timu mara nyingi maana yake ni kubadili aina ya gari, na hapo dereva fundi huwa na faida. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye gereji, alishinda Safari ya 1965 na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na timu ya kiwanda. Baada ya hapo alipita katika magari ya kampuni mbalimbali kwa miaka tisa bila kushinda tena. Mwaka 1974 alichagua Mitsubishi Lancer, gari jepesi la injini ya lita 1.6 ambalo wengi hawakulipa uzito mbele ya Porsche ya Björn Waldegård, na akamshinda Waldegård huyo aliyemaliza wa pili. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer, na safari hiyo Lancer zilishika nafasi tatu za kwanza, nyuma yake wakiwa Robin Ulyate na Andrew Cowan.