Nani Analipia Chumba cha Pointi?

Mgeni aliyelala kwa pointi akifika mapokezi asubuhi kurudisha ufunguo, bili yake inasoma sifuri. Anatia sahihi, anaita teksi, anaondoka akijua moyoni kwamba amelala bure. Ukimuuliza yule kijana wa mapokezi hoteli imelipwa na nani, mara nyingi naye hajui. Lakini imelipwa. Na kiasi ilicholipwa ndicho kinachoeleza karibu kila kero ya mtu anayetafuta hoteli ya butiki kwa pointi: kwa nini chumba hakionekani, kwa nini kikionekana kinatazama ukuta wa jirani, kwa nini bei ya pointi ya jana si ya leo.

Neno butiki kwetu ni duka la nguo, lile dogo ambalo mwenyewe anakumbuka saizi yako. Hoteli zililipata jina hilo kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1984, Steve Rubell na Ian Schrager, waliokuwa wametoka kumiliki klabu ya Studio 54 na kutumikia kifungo kwa kukwepa kodi, walifungua hoteli ya Morgans jijini New York. Rubell akafananisha hoteli kubwa za wakati ule na maduka makubwa yanayouza kila kitu, na ya kwao akaifananisha na butiki. Huko San Francisco, Bill Kimpton alikuwa ameanza mwaka 1981 kugeuza majengo ya zamani kuwa hoteli ndogo zenye sura zao. Hakuna aliyefikiria pointi. Pointi zilikuwa za mashirika ya ndege na hoteli zenye vyumba 400 vinavyofanana kama mayai ya trei moja.

Wakubwa walipoona wageni wao wanahamia kwa wadogo, wakawanunua wadogo. IHG iliinunua kampuni ya Kimpton mwaka 2015 kwa dola milioni 430. Hyatt ikalinunua jukwaa la hoteli za butiki la Mr & Mrs Smith mwaka 2023, na mwaka uliofuata Hilton ikaanza kuuza vyumba vya Small Luxury Hotels of the World kwa pointi zake. Ndivyo hoteli ya vyumba 20 kwenye kichochoro cha mji wa kale ilivyojikuta ndani ya mpango uliobuniwa kwa ajili ya majengo ya ghorofa 30.

Sasa turudi kwenye ile bili ya sifuri.

Mteja wa Safaricom anazijua Bonga Points: unatumia shilingi 10, unapata pointi 1, na anayezitoa pointi ndiye anayezigharamia. Hoteli haziendi hivyo. Kampuni kama Marriott au Hyatt inamiliki sehemu ndogo sana ya majengo yanayobeba jina lake. Jengo lina mwenyewe, kampuni inaleta jina, mfumo na mara nyingi uongozi. Mgeni anayelipa pesa anapochuma pointi, mwenye jengo anakatwa sehemu ya bili ile kwenda kwenye mfuko wa mpango. Mgeni anapokuja kuzitumia, mfuko unamlipa mwenye jengo. Pointi yako, kwa hiyo, ni hati ya deni linalozunguka kati ya watu wawili usiowaona.

Mfuko haulipi bei moja. Mikataba hutofautiana, ila muundo unaojulikana sana ni huu: hoteli ikiwa na vyumba vitupu, mfuko unalipa kidogo, kiasi cha kufidia usafi, shuka na umeme na kubakiza chochote. Hoteli ikikaribia kujaa, kwenye asilimia 95 hivi, malipo yanaruka hadi karibu na bei ya wastani ya usiku huo. Mantiki yake haina ubaya. Chumba ambacho kingelala kitupu hakimgharimu mwenyewe sana, lakini ambacho kingeuzwa kinamgharimu.

Kwa hoteli ya vyumba 400, asilimia 95 ni mstari wa mbali unaosogelewa polepole. Kwa ndogo ni kizingiti cha mlango. Chukua Park Hyatt ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale Shangani, ndani ya Mji Mkongwe. Sehemu yake moja ni jumba la Mambo Msiige, ambalo mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, na ambalo hadithi za mjini husema chokaa yake ilikorogwa kwa mayai. (Mradi wenyewe ulizua maneno: Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na UNESCO ilionyesha wasiwasi juu ya jengo jipya lililoambatanishwa na lile la kale.) Hoteli ina vyumba 67. Piga hesabu ya asilimia 95 kwa ukubwa huo: chumba cha 64. Kwa muundo niliouelezea, vikilala watu vyumba 63, wageni wa pointi wanalipiwa bei ya chini. Kikilala mtu cha 64, wote wanalipiwa ya juu.

Ukishaelewa hapo utaacha kumlaumu meneja kwa kila kitu, ingawa lawama nyingine ni zake kweli. Mipango mingi inaahidi kwamba chumba cha kawaida kikiwa kinauzwa kwa pesa basi na kwa pointi kiuzwe. Ahadi nzuri, na imejengwa juu ya neno moja: kawaida. Kwenye hoteli ya butiki hakuna vyumba viwili vinavyofanana. Hiki kina baraza, kile kina dari la boriti, kingine ukisimama kwenye kiti unaona kipande cha bahari. Mwenye nia anaweza kuviita vyote vya hadhi ya juu akabakiza vitano tu kuwa vya kawaida, na hajavunja kanuni. Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza inayopanga bei za vyumba, na hoteli moja niliyofanyia kazi, ambayo siitaji, ilikuwa na tabia ya kuandika vyumba viwili au vitatu kuwa viko kwenye matengenezo kila usiku ilipokaribia mstari. Vyumba vikipungua kwenye hesabu, asilimia inapanda. Fundi hakuonekana. Wakaguzi wa mpango walikuja kuonekana, na tabia ikakoma.

Kwa upande wa mgeni, hesabu ni fupi. Chukua bei ya pesa pamoja na kodi zote, toa chochote utakachotozwa hata ukilala kwa pointi, gawa kwa idadi ya pointi. Tuseme chumba ni dola 360 au pointi 20,000: kila pointi imekununulia senti 1.8 za Marekani. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na usiku mwingine, au hoteli nyingine. Hapo kwenye kutoa tozo ndipo wengi wanapokosea. Katika miji kama New York hoteli nyingi hubandika ada ya kila siku juu ya bei ya chumba, na Hilton na Hyatt huisamehe kwa anayelala kwa pointi ilhali Marriott huitoza. Zanzibar kuna tozo ya miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo uliza kabla, maana pointi hulipia chumba na huenda zisilipie serikali.

Kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya pointi, ambayo mingi inaandikwa na Wamarekani, haiwezi kulijua. Hoteli nyingi za Tanzania na Kenya zina bei mbili za pesa, ya mgeni na ya mkaazi. Pointi zina bei moja. Chumba kilekile cha dola 360 kwa mtalii, mkaazi wa Dar es Salaam mwenye kitambulisho huenda akakipata kwa 220. Kwake yeye pointi 20,000 zimeshuka hadi senti 1.1. Binamu yake anayeishi Columbus, Ohio, akija likizo, anazitumia kwa senti 1.8 bila kufanya lolote la ziada. Kama pointi ziko kwenye ukoo mmoja, azitumie wa Columbus akija huku, na wa Dar azitunze mpaka atakaposafiri kwenda London au Dubai, ambako hakuna anayemuuliza kitambulisho cha ukaazi.

Na wa Columbus ndiye mwenye nazo nyingi, wala si kwa sababu analala hotelini sana. Marekani, kila kadi ya mkopo inapotumika, muuza duka anakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo inarudi kwa mteja kama pointi. Kufungua kadi mpya peke yake kunaweza kuleta pointi za usiku kadhaa. Ndugu wa Ulaya asishangae zake zikiwa haba: tangu 2015 Umoja wa Ulaya umeibana ada hiyo isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za kawaida, na kisima kikiwa kifupi ndoo haijai. Huku kwetu anayechuma kweli ni msafiri wa kikazi, yule wa semina na mikutano. Mwajiri analipa bili, pointi zinaingia kwenye jina la aliyelala. Nimeona maafisa wa miradi wenye pointi za wiki nzima wasizozijua, na baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, za Hyatt, Marriott na Hilton hufutwa. Pointi haizai riba. Inasubiri kufa, au kupunguzwa thamani na aliyeitoa.

Kupunguzwa huko si jambo la kufikirika. Hilton iliondoa jedwali lake la bei mwaka 2017, Marriott ikafuata Machi 2022, na tangu hapo bei ya pointi kwao hupanda na kushuka kama ya pesa. Hyatt ilibaki na jedwali, lakini mwaka huohuo wa 2022 ikaanza kuligawa katika bei tatu: siku tulivu, siku za kawaida, siku za kilele. Ndiyo maana simshauri mtu kurundika pointi kama anayenunua kiwanja. Kiwanja kina hati.

Kwa Unguja siku tulivu ni za masika, Machi hadi Mei, mvua inaponyesha na vichochoro vya Mji Mkongwe vinarudi kuwa vya wenyewe. Bei ya pesa nayo huwa chini, na hoteli ndogo za watu binafsi, zile zisizo kwenye mpango wowote, zinapokea simu na kupunguza. Pointi haibembelezi bei. Kwa hiyo Aprili mimi hulipa pesa, na nikilipa pesa sioni sababu ya kujifunga na jina kubwa wakati pale mtaa wa Hurumzi kuna majumba yenye vitanda vya samadari na paa la kulia chakula cha jioni. Pointi nazibakiza kwa Februari, wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, bei ya pesa inapopaa. Tatizo ni lile la neno kawaida: usiku ambao pointi zina thamani kubwa ndio usiku ambao vyumba vitano vya kawaida viliisha miezi minane iliyopita. Weka nafasi mapema mno, wakati hoteli bado tupu kwenye mfumo, na usome siku ya mwisho ya kufuta. Ukifuta kabla yake pointi hurudi zote.

Kuna njia nyingine ya kulala kwa bei ndogo, nayo haihitaji pointi hata moja. Fikiria hoteli ya vyumba 67 kama ile ya Shangani, saa tatu usiku, vyumba 63 vina watu, 10 kati yao wako kwenye pointi. Kijana anaingia ametoka Forodhani, begi mgongoni, anauliza kama kuna chumba na anataja bei ambayo siku nyingine ingemfanya msimamizi wa zamu atabasamu tu. Msimamizi anatazama skrini. Huyu akilala, wale 10 wa ghorofani wanaanza kulipiwa bei ya juu. Anamwambia asubiri kidogo, anapiga simu moja, kisha anamwomba pasipoti.