Diski moja kwa nyumba nzima: namna ya kugawana faili mjini Juba bila kutumia bando

Mwezi Januari 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliyaagiza makampuni ya simu na intaneti kuifunga mitandao ya Facebook na TikTok kwa muda ambao ungeweza kufikia siku 90. Hatua hiyo ilifuatia kusambaa kwa video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Al Jazirah nchini Sudan, na ghasia zilizozuka mjini Juba baada yake. Marufuku hayo yaliondolewa kabla ya mwezi huo kwisha. Hata hivyo hayakuwa ya kwanza kuwakumbusha wakazi wa Juba kwamba mawasiliano yao hupitia mikononi mwa wengine: tarehe 30 Agosti 2021, siku ambayo wanaharakati walikuwa wamepanga maandamano dhidi ya serikali, huduma ya intaneti ilivurugika pia.

Kufungwa kwa mitandao miwili si sawa na kukatika kwa intaneti yote. Lakini matukio ya aina hiyo, pamoja na bando linaloisha kabla ya mwezi kufika ukingoni, yanaibua swali la kinyumbani kabisa. Picha za familia, vyeti vya shule, nakala za pasipoti na hati za kiwanja vitafikiwa vipi na kila aliyemo nyumbani, bila kutegemea seva iliyo katika nchi nyingine?

Jibu mojawapo, tena lisilo la gharama kubwa, ni diski ya nje ambayo haiunganishwi na kompyuta moja tu, bali inafunguliwa kwa mtandao wa nyumba nzima.

Mtandao wa nyumbani si intaneti

Mtu anaposema kwamba "mtandao umekwisha", aghalabu anakusudia kuwa bando limekwisha. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ruta iliyopo sebuleni hufanya kazi mbili: ya kwanza ni kuipeleka nyumba kwenye intaneti, iwe kwa laini ya simu, kwa waya wa nyuzi za kioo uliofika Juba kutoka mpaka wa Uganda mwaka 2020, au kwa dishi la Starlink ambalo huduma yake ilianza nchini mwaka 2024. Kazi ya pili, ambayo haionekani, ni kukipa kila kifaa cha nyumbani anwani yake na kupeleka ujumbe kati ya kifaa kimoja na kingine.

Kazi hiyo ya pili haihitaji bando. Faili inayotoka kwenye diski iliyo chumba cha mbele kwenda kwenye simu iliyo chumba cha nyuma haipiti katika kampuni yoyote, wala hakuna senti inayokatwa. Ruta ya laini ya simu isiyo na salio hata kidogo huendelea kuifanya, mradi ina umeme.

Kuna kikwazo kimoja kidogo ambacho huwasumbua wengi. Simu za kisasa, zikigundua kwamba Wi-Fi iliyopo haina intaneti, hujitoa zenyewe na kurejea kwenye laini ya simu, au humwuliza mwenye simu kama anataka kubaki. Ni lazima akubali kubaki. Asipofanya hivyo ataitafuta diski asiione, na atadhani imeharibika.

Wapi pa kuichomeka

Njia ya kwanza ni ruta yenyewe. Ruta nyingi zina tundu la USB kwa nyuma, na diski ikichomekwa hapo, ukurasa wa mipangilio ya ruta huruhusu igawanywe. Ni njia nyepesi, lakini ina mipaka. Tundu la USB la kizazi cha pili hutoa umeme wa miliampia 500 tu, na si kila diski inayozunguka huridhika na kiasi hicho. Dalili yake ni diski inayolia tiki-tiki na kuzimika. Aidha, ruta ndogo zina uwezo mdogo wa kuchakata, kwa hiyo kasi yake hushuka.

Njia ya pili ni kuichomeka diski kwenye kompyuta ambayo haizimwi. Katika Windows, mwenye kompyuta hubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hufungua sifa zake, kisha huingia kwenye sehemu ya kushirikisha wengine. Kabla ya hapo ahakikishe kuwa mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa faragha na si wa umma, kwa maana katika mtandao wa umma kompyuta hujificha kwa makusudi. Ahakikishe pia kwamba kompyuta haijapangwa kulala baada ya dakika 10, kwani diski hulala nayo.

Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia: folda inaonekana katika kompyuta ya pili, lakini ikifunguliwa linatokea tangazo kwamba mtumiaji hana ruhusa. Sababu ni kwamba mlango una makufuli mawili. Lipo la kushirikisha, linaloamua nani apite mtandaoni, na lipo la faili zenyewe, linaloamua nani asome au abadilishe kilichomo ndani ya diski. Yote mawili hutazamwa kwa pamoja, na lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Kulegeza moja na kulisahau la pili ni kazi bure.

Njia ya tatu ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja kama Raspberry Pi, inayotumia umeme kidogo na kuendesha programu ya bure iitwayo Samba. Programu hiyo ilianzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina lake halihusiani na ngoma ya Brazil: alihitaji neno lenye herufi S, M na B, ambazo ni ufupisho wa itifaki ya kugawana faili inayotumiwa na Windows, akalisaka katika orodha ya maneno ya kompyuta yake.

Kwa nini ruta ya zamani haionekani

Itifaki hiyo ya SMB ndiyo chanzo cha tatizo linalowakumba walionunua ruta zilizokwishatumika. Toleo lake la kwanza ni la enzi nyingine, na udhaifu uliokuwemo ndio uliotumiwa na virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017, vilivyofunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows mpya haziji tena na toleo hilo. Ruta inayolijua toleo la kwanza peke yake, basi, huzungumza lugha ambayo kompyuta mpya imekataa kuisikia.

Mafundi wengi hulitatua jambo hili kwa kuliwasha tena toleo la zamani. Kazi inakwenda, na mteja anafurahi, lakini mlango uliofungwa kwa sababu nzito umefunguliwa upya. Ni afadhali kuiacha ruta ile ifanye kazi yake ya kugawa Wi-Fi, na diski ihamie kwenye kompyuta.

Jambo jingine la kuamua mapema ni namna diski ilivyopangwa ndani. Mpango wa FAT32 husomwa na karibu kila kifaa, ila haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ndefu ya harusi hupita kiasi hicho kwa urahisi. NTFS haina kikomo hicho, ingawa kompyuta za Apple huisoma bila kuweza kuandika juu yake. Hata hivyo diski ikishagawanywa kupitia mtandao, tofauti hizo hazimhusu tena mtumiaji wa mbali: ni kifaa kilichoshika diski ndicho kinachopaswa kuuelewa mpango wake. Kubadilisha mpango hufuta kila kitu, kwa hiyo uamuzi huo hufanywa diski ikiwa tupu.

Kuhusu kasi, matarajio yasiwe makubwa. Ruta yenye matundu ya waya ya megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 12 kwa sekunde, na gigabaiti 100 huchukua zaidi ya saa 2. Wi-Fi inayopita kuta mbili za matofali huweza kuwa ya polepole zaidi. Kazi ya kwanza ya kujaza diski ifanyike kwa waya wa USB. Mtandao uachiwe matumizi ya kila siku.

Joto na umeme

Juba ina maadui wawili wa diski ambao vijitabu vya maelekezo haviwazingatii sana. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45, na Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Diski nyingi za nje huandikiwa kwamba zifanye kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 35. Kuiweka juu ya ruta, chini ya mabati, ndani ya kabati lililofungwa, ni kuifupishia maisha. Mahali pake ni chini, kivulini, penye hewa.

Adui wa pili ni kukatika kwa umeme. Mtambo wa dizeli uliozinduliwa Novemba 2019 umerudisha umeme wa gridi katika sehemu za mji, lakini nyumba nyingi bado hutegemea sola au jenereta. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, faili hiyo huweza kuharibika, na wakati mwingine orodha nzima ya yaliyomo. Ndiyo sababu diski ndogo ya inchi 2.5, inayonyonya umeme wake kupitia USB, inafaa zaidi kuliko ile kubwa ya inchi 3.5 inayohitaji adapta yake ya volti 12. Ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta mpakato, betri ya kompyuta huibeba pia, na mwenyewe hupata nafasi ya kuifunga kwa utaratibu.

Diski ya pamoja si nakala ya akiba

Pengine kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kilichowekwa kwenye diski ya pamoja kimehifadhiwa. Kinyume chake: faili ambayo watu saba wanaweza kuifungua, watu saba wanaweza kuifuta, na faili iliyofutwa kupitia mtandao kwa kawaida haiendi kwenye kapu la taka. Virusi vya kudai fidia vikiingia kompyuta moja, hufuata njia ile ile hadi kwenye diski. Kwa sababu hiyo watoto na wageni wapewe ruhusa ya kusoma tu, kila mtu mzima awe na jina na nywila yake, na nywila ya Wi-Fi isibandikwe ukutani.

Sudan Kusini inaijua vizuri thamani ya karatasi. Nyaraka za kumbukumbu za taifa zilikaa kwa miaka kadhaa ndani ya hema mjini Juba, zikikabiliwa na mvua na mchwa, kabla ya kuhamishiwa kwenye jengo na kuanza kupigwa picha za kidijitali kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni na taasisi ya Rift Valley Institute. Familia nyingi hazikupata bahati hiyo: mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwakimbiza watu bila hata kufungua sanduku la vyeti.

Kwa hiyo diski ni mbili. Moja hukaa nyumbani na kutumika kila siku. Ya pili hupokea nakala mara moja kwa mwezi, huchomolewa, na kupelekwa kwa ndugu anayeaminika: kama nyumba iko Gudele, basi iwe Munuki au ng'ambo ya mto, na kwa walio na jamaa Arua au Kampala, hata huko. Kwa kuwa hiyo ya pili itabeba pasipoti na hati za ardhi, ifungwe kwa usimbaji fiche kabla haijatoka mlangoni, na nywila yake ijulikane na zaidi ya mtu mmoja katika familia.

Na kabla ya kuaminiwa, diski iliyonunuliwa sokoni Konyo Konyo au kwingineko ijazwe hadi mwisho na faili zisomwe tena. Zipo zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 huku ndani yake mna kadi ndogo ya gigabaiti chache. Hupokea kila kitu bila kulalamika, na hasara hujulikana siku faili inapohitajika.