Kazi ya Saa Chache Inayomeza Siku Nzima

Huko Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mhudumu wa afya wa kijijini, yule wanayemwita reko, huhesabiwa kuwa mtu wa kujitolea: anatoa saa chache, kisha anarudi shambani. Hesabu hiyo haikubaliani na kazi yenyewe. Chanjo, vyandarua, watoto wenye utapiamlo, wajawazito wa kuhimizwa waende kituoni, ripoti za mwezi. Kila mradi unakuja na daftari lake, wala hauondoi la mwenzake. Vita navyo huzidisha mzigo. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi Januari 2025 na Walikale mwezi Machi, na watu wanapokimbia, mhudumu hukimbia nao, huku wagonjwa wakizidi kumtafuta.

Wapo wanaosema malipo yataua moyo wa kujitolea. Lakini anayekosa muda wa kupalilia mihogo yake mwishowe huiacha kazi, na mafunzo yote aliyopewa yanaondoka naye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi na saa zao. Serikali haina fedha? Basi kazi zipunguzwe: reko apewe kaya anazozimudu, na mradi mpya ulete ujira wa saa unazozitaka. Nanyi mareko, andikeni saa zenu kila juma, mziwasilishe pamoja mbele ya CODESA, kamati ya afya ya eneo lenu, kabla hamjapokea daftari jingine.