Kasuku wa London alale saa ngapi, na alale wapi?

Mwezi wa Juni, jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na huzama baada ya saa tatu usiku. Binadamu aliyetoka Afrika Mashariki huizoea hali hiyo polepole: hununua mapazia mazito, na maisha yakaendelea. Kasuku aliyemo sebuleni mwake hana wa kumnunulia pazia isipokuwa mwenye nyumba, na mara nyingi mwenye nyumba hajui kwamba ndege naye anahitaji usiku.

Tuchukue mfano wa Queensbury, kitongoji kilichoko mpakani mwa Brent na Harrow, kaskazini-magharibi mwa London. Kituo chake cha treni kilifunguliwa mwaka 1934, na nyumba nyingi zinazokizunguka zilijengwa katika miaka hiyo hiyo: nyumba mbili zilizoshikana kwa ukuta mmoja, sebule yenye dirisha kubwa mbele, jiko nyuma, na juu vyumba vitatu, viwili vya kadiri na kimoja kidogo. Katika vitongoji vya Harrow na Brent wamehamia watu wengi wenye asili ya Kihindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda mwaka 1972, na baada yao Waafrika Mashariki wa kila aina. Basi si ajabu kusikia Kiswahili ndani ya nyumba hizo, na pengine mmojawapo wa wasemaji ana mkia mwekundu.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya ikweta. Makao yake yanaanzia Afrika Magharibi, yakapita Kongo na Uganda, hadi msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya. Aliyefika kwenye bustani ya mimea ya Entebbe huenda amewasikia. Jioni ndege hao hukusanyika kwa makundi, wakatua juu ya miti mirefu na kulala pamoja. Usiku wao ni wa saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima.

Kwa maneno mengine, kasuku huyu anakwenda kwa saa za Kiswahili. Mtu wa Mombasa akisema saa kumi na mbili jioni, giza liko mlangoni. London, saa kumi na mbili jioni ya Juni, jua bado lina zaidi ya saa tatu za kuwaka. Na Desemba, saa hiyo hiyo, limekwisha kuzama tangu saa kumi kasoro alasiri. Hata kama ndege alizaliwa tunduni hapa Uingereza, mwili wake ni ule ule wa msituni, na wengi wa siku hizi wamezaliwa tunduni, kwa kuwa Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado mwanachama, ulipiga marufuku ya kudumu uingizaji wa ndege wa mwituni kwa biashara Julai 2007.

Jee, akikosa usingizi huwaje? Kasuku aliyechoka hasemi kwamba amechoka, ingawa huenda anajua kusema mengine yote. Huanza kuuma mkono uliokuwa ukimlisha, hupiga mayowe, na wengine hunyonyoa manyoya yao hadi kifua kikabaki wazi. Madaktari wa ndege hutaja upungufu wa usingizi miongoni mwa sababu za tabia hiyo, pamoja na upweke, lishe mbaya na maradhi, kwa hiyo anayeanza kujinyonyoa apelekwe kwa daktari kwanza. Isitoshe, siku ndefu za mwanga huuambia mwili wa ndege kwamba msimu wa kuzaa umefika. Jike anaweza kutaga mayai hata bila dume, na kila yai huchukua kalsiamu mwilini mwake. Kasuku wa kijivu anajulikana kwa udhaifu huo: kalsiamu ikipungua sana kwenye damu, hutetemeka, huanguka kutoka kijitini na hushikwa na kifafa.

Sebule, basi, ni mahali pazuri pa kushinda na mahali pabaya pa kulala. Mchana ndege anapenda kuwa kati ya watu. Usiku familia hutazama televisheni hadi saa tano, wageni huingia, taa huwaka. Kupitia dirisha kubwa la mbele hupita vivuli vya paka na vya mbweha, ambao ni wengi katika mitaa ya London, na ndege anayeona adui kiooni hafumbi macho yote mawili.

Jikoni ni hatari zaidi. Mapafu ya ndege, yakisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, huchota hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko ya kwetu, na sumu nayo huingia kwa kasi ile ile. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na kanari, ndege aliyewaonya kuhusu gesi, hadi serikali ilipotangaza mwaka 1986 kwamba watabadilishwa kwa vifaa vya umeme. Kikaango chenye utando usioshika chakula, kama vile Teflon, kikisahauliwa motoni hutoa moshi unaoweza kumwua kasuku kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Udi na ubani pia vifukizwe mbali naye. Najua kwamba kwa baadhi ya nyumba zetu hilo ni ombi zito.

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika kile chumba kidogo cha juu. Wekeni humo tundu la pili, dogo kuliko la mchana lakini linalomruhusu kunyoosha mabawa yake bila kizuizi. Sheria ya wanyamapori na mashambani ya mwaka 1981 inadai hivyo kwa kila ndege anayefugwa tunduni. Ndani yake pawe na kijiti cha mti wa kawaida, kisicho sawa unene, kiwekwe juu: kasuku hulala akiwa amesimama, mara nyingi kwa mguu mmoja, kichwa amekigeuzia mgongoni. Vijiti vilivyofunikwa karatasi ya msasa huchubua nyayo. Upande mmoja wa tundu uegemee ukuta, mbali na upepo wa dirisha na mbali na joto la rejeta.

Nyumba za Waafrika Mashariki, hata hivyo, mara chache huwa na chumba kisicho na mgeni. Hapo itabidi kufunika tundu lile lile la sebuleni, na watu wanong'one au wahamie kwingine. Kanga moja, hata ikiwa na jina zuri namna gani, haizuii mwanga wa Juni. Tumieni kitambaa cha pamba kizito, na upande mmoja uachwe wazi kidogo ili hewa ipite. Vile vihema vya manyoya laini vinavyouzwa madukani msivinunue. Ndege hula nyuzi zake zikamziba tumbo, au hunaswa nazo kucha. Na asilale kitandani na mtu yeyote, wala chumbani mwa mtoto mwenye pumu, kwa sababu manyoya ya kasuku wa kijivu hutoa vumbi jingi.

Mwezi wa Oktoba na Novemba Queensbury ina jambo lake. Diwali na usiku wa tarehe 5 Novemba hukaribiana, na fataki hulia wiki nzima. Sheria inazizuia baada ya saa tano usiku, lakini tarehe 5 huruhusiwa hadi saa sita, na Diwali hadi saa saba. Kasuku akishtuka gizani hurukaruka na kugonga nondo, na unyoya mchanga wenye damu ukivunjika hutokwa damu nyingi. Siku hizo acheni taa hafifu ikiwaka, fungeni madirisha, na akishtuka washeni taa na mzungumze naye kwa sauti ya chini kabla ya kumgusa.

Wakati wa baridi tatizo hugeuka: giza limezidi. Taa ya ndege yenye miale ya urujuanimno, ikiwashwa mchana, humsaidia mwili kutengeneza vitamini D, jambo ambalo jua la nyuma ya kioo haliwezi.

Ratiba inayofaa wengi ni kumfunika saa mbili usiku na kumfunua saa mbili asubuhi. Humnufaisha jirani wa ukuta wa pili pia, maana kasuku huipokea asubuhi kwa mayowe, na kelele za mara kwa mara halmashauri inaweza kuzichukulia hatua chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1990. Kama amezoea kulala saa sita, msimlazimishe kwa siku moja. Mrudisheni nyuma dakika kumi na tano kila usiku, na baada ya wiki mbili na nusu hivi atakuwa amefika.