Barakoa, Tembo wa Mikumi na Albamu ya Familia

Wazee wetu wa pwani walilijua neno barakoa zamani, kabla maradhi ya korona hayajalifanya kuwa neno la kila mtaa. Lilikuwa vazi la usoni la mabibi wa Unguja na Omani, lililofunika paji la uso na pua na kuyaacha macho wazi. Mafundi wanaopanga kurasa za picha kwa kompyuta nao wana barakoa yao, na kazi yake haiko mbali na ile ya kale: husitiri sehemu ya picha na kuacha sehemu nyingine ionekane, bila kuidhuru hata chembe ile iliyositiriwa. Anayetaka kuiona picha nzima huiondoa barakoa, akaikuta picha ipo kama ilivyokuwa.

Nimeona vema tulizungumze jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu ya hali niliyoikuta baada ya wanafunzi wa madrasa yetu kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Walimu na wazazi walioambatana nao walirudi na picha zaidi ya 400, na kwa kuwa katibu ndiye mtunza nyaraka za kamati, zikamiminika kwangu kwa flashi, kwa kadi za simu na kwa WhatsApp. Twiga waliogeuka nyuma, tembo waliokatwa masikio na fremu ya dirisha la basi, vidole vya mpiga picha, na picha kumi na moja za nyani mmoja aliyekaa tu. Katika rundo hilo zilikuwamo labda thelathini ambazo mtu angependa kuzitazama tena baada ya miaka kumi. Na hizo thelathini zilikuwa katika hatari ileile iliyozikumba picha nyingi za zama zetu: simu ikiibwa au ikitumbukia majini, safari nzima imekwenda nayo. Kizazi cha baba zetu kilikuwa na picha chache, lakini zilikuwa ndani ya albamu, na albamu ilikuwa kabatini.

Daftari la kumbukumbu la kidijitali ni jaribio la kuirudisha albamu ile. Mtu hupanga ukurasa kwenye kompyuta, akaweka picha mbili au tatu zilizochaguliwa, maneno machache na tarehe, kisha akachapisha. Najua wapo wanazuoni wenye kauli tofauti juu ya picha za viumbe, na kila familia ina mwalimu wake wa kumuuliza. Hapa nasema na wale ambao picha tayari wanazo na hawajui wazifanyie nini.

Programu si lazima iwe ya kununua. Ninayoitumia mimi ni GIMP, iliyobuniwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kutolewa kwa umma mwaka 1996. Ni ya bure, na kompyuta ya miaka mingi iliyopo ofisini kwetu inaimudu. Ukifungua ukurasa mpya, uupe ukubwa wa kutosha tangu mwanzo. Karatasi ya A4 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Ukurasa wa mraba wa inchi 12, ambao wapenzi wa kazi hii wameuzoea, unahitaji 3600 kwa 3600. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli 1600 hivi kwa upande wake mrefu, yaani inchi tano na ushei tu kwenye karatasi. Kwa hiyo mwombe aliyeipiga akutumie kama faili, asiitume kama picha. Neno hilo moja linaokoa kazi kubwa.

Sasa barakoa yenyewe. Ufikirie ukurasa kama rundo la karatasi angavu zilizolaliana, na kila karatasi ni tabaka: chini rangi ya usuli, juu yake picha ya mbuga, juu yake picha ya tembo, juu kabisa maandishi. Ukiliongezea barakoa tabaka la tembo, programu itakuuliza kama unaitaka nyeupe au nyeusi. Nyeupe huonesha, nyeusi huficha, na kijivu huonesha kiasi, kama kitu kinachoonekana nyuma ya pazia jepesi. Kati ya nyeusi tupu na nyeupe tupu kuna ngazi 256, kwa hiyo unaweza kuififisha picha polepole hadi jicho lisitambue inapoishia. Unachukua brashi, unapaka nyeusi pale usipopataka, na ukizidisha unapaka nyeupe, panarudi. Herufi X kwenye kibodi hubadilishana rangi hizo mbili, na anayeizoea hufanya kazi kwa kasi ya mshonaji. Mwenye kutumia kifutio badala ya barakoa anakata kitambaa, na kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Katika intaneti kuna barakoa za tayari kwa maelfu: michirizi ya rangi, kingo zilizochanika, maua. Nyingi ni nzuri, lakini hazina harufu ya kwetu. Mimi huwahimiza vijana watengeneze zao wenyewe, na hapa ndipo watoto wanapofurahi hasa. Chukua karatasi nyeupe na wino mweusi, upake kwa ufagio wa chelewa, kwa kipande cha ukili au kwa jani la mwembe lililochovywa. Ikauke. Ipige picha mchana penye mwanga sawia, ifungue ndani ya programu, uondoe rangi, uongeze tofauti ya giza na mwanga mpaka weusi uwe mweusi kweli, kisha uigeuze ili palipokuwa na wino pawe peupe. Inakili, bofya barakoa ya tabaka lako, bandika, utie nanga. Nyati watatokea ndani ya mchirizo wa ufagio wa mama, na hakuna familia nyingine duniani yenye ukurasa kama huo.

Wanyama wana adabu zao katika kazi hii. Tembo huvumilia karibu kila ukingo, kwa kuwa rangi yake ni moja na umbo lake ni zito. Punda milia ni kinyume chake: mistari yake ikikutana na barakoa yenye michirizi, jicho halijui lishike wapi, mpe ukingo mtulivu, mviringo au mraba uliofifia. Twiga hapendi mraba. Ukitaka apendeze, mwache kichwa chake kichungulie nje ya fremu, na njia yake ni kulirudufu tabaka: la chini lina barakoa ya mraba, la juu lina barakoa inayoonesha kichwa na shingo tu. Singa za simba na manyoya ya mkia hutaka brashi laini. Pembe za swala pala hutaka brashi ngumu na mkono usiotetemeka. Na mnyama yeyote, usimkate kwato. Wengi hufuata mstari wa miguu na kufuta nyasi zote, matokeo yake nyumbu anaelea hewani kama puto. Acha nyasi kidogo na kivuli kidogo chini ya miguu, ndipo atakapokuwa amesimama juu ya ardhi.

Maneno nayo yasisahauliwe. Watoto wetu wa mjini kila mwenye pembe kwao ni swala. Ukurasa ukiandikwa kwamba huyu ni kuro, huyu ni pofu, yule ni pongo, mtoto anakuwa amejifunza lugha yake na mbuga yake kwa pamoja. Kijana mmoja wa darasa la nne, aliyehifadhi Surat al-Fiil tangu akiwa na miaka mitano, siku ile alimwona tembo kwa macho kwa mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wake aliandika mstari mmoja tu: kwamba hakujua kuwa mnyama mkubwa hivyo anaweza kutembea bila kishindo.

Lipo jambo ambalo ufundi huu unalirahisisha mno, nami sikubaliani nalo. Kwa barakoa mbili mtoto aliyekuwa ndani ya basi anaweza kusimamishwa ubavuni mwa tembo, mkono wake ukigusa mkonga. Nimeombwa mara kadhaa nifanye hivyo na nimekataa. Kumsitiri mgeni aliyepita nyuma ya picha bila idhini yake ni jambo la heshima, na kulificha gari lililozuia mandhari si neno. Lakini kuuondoa umbali kati ya mtoto na mnyama wa porini ni kusema uongo juu ya kitu kinachoua. Wakulima wanaopakana na hifadhi wanamjua tembo anapoingia shambani usiku. Mtoto anayekua akijiona pichani amemshika mkonga atajifunza nini?

Swali gumu zaidi lililetwa na mama mmoja wa watoto watatu, ambao wawili walikuwamo safarini. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, lakini watu wengi wameijua kwa sababu barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inaipasua kwa takriban kilomita 50. Dereva wa njia ile huwaona twiga na tembo kama wengine tunavyowaona mbuzi wa jirani. Marehemu alikuwa akiwaahidi wanawe kuwa siku moja atawapeleka, na siku hiyo haikufika. Mama alikuja na picha yake ya kitambulisho iliyokuzwa, akaomba awekwe nyuma ya watoto, mbele ya tembo, kama kwamba walikwenda pamoja.

Kiufundi ni kazi ya nusu saa. Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake, ila mimi nisingemshauri, kwa sababu mtoto wake mdogo, ambaye hakwenda, baada ya miaka michache ataamini kuwa baba alikuwapo, na watakaomsahihisha ni nduguze. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama picha mbaya inafaa. Kesho yake alileta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mlikuwa na picha ambayo utingo wa marehemu aliipiga miaka saba kabla ya safari yetu, lori likiwa mwendoni, kupitia dirisha la upande wa dereva: tembo watatu katika nyasi za manjano, na mbele yao, kubwa na isiyo wazi, mkono wa dereva juu ya usukani.

Picha ile ilikuwa na pikseli 1280 kwa 960, kidogo sana kwa ukurasa mzima. Tuliichapisha kwa nukta 150 badala ya 300 ili ipate inchi nane na nusu, na ukungu wake tukauacha, kwani kuulazimisha uwe mkali kungeonesha chembechembe tu. Tuliiweka kushoto. Kulia tukaweka picha ya watoto wakiwa wameyapa mgongo madirisha ya basi, na tembo wa mwaka wao wakionekana kwa mbali. Kati yake tukatia barakoa ya mteremko wa rangi, nyeusi ikififia hadi nyeupe, na kazi kubwa ilikuwa kuchagua mahali pa makutano. Tuliyafanya yawe kwenye nyasi tupu, ili asipatikane tembo ambaye nusu yake ni ya mwaka mmoja na nusu ya mwaka mwingine. Nyasi za kushoto zilikuwa za kiangazi na za kulia za baada ya mvua. Manjano ikawa inageuka kijani katikati ya ukurasa, nasi hatukuisawazisha.

Kwa kanuni za usafi wa picha, kitu cha kwanza kufunikwa kingekuwa mkono ule uliokuja mbele ya tembo. Mama alisema usiguswe. Mwanawe mkubwa aliitambua saa ya mkononi.

Chini ya kila upande tuliandika mwaka wake na aliyepiga picha. Mama hakutaka ukurasa ule utundikwe ukutani, kwa kuwa sebule ndiyo wanamoswali. Umo ndani ya jalada la plastiki pamoja na kurasa nyingine sita. Katika kurasa hizo yeye mwenyewe anaonekana kwa mikono tu, akiwafunga watoto kamba za viatu, na hayo ni matakwa yake.

Kuhusu kuhifadhi: JPEG huyabana matabaka yote kuwa moja na barakoa hupotea humo, kwa hiyo kwa studio ya kuchapisha peleka nakala ya JPEG, lakini faili la asili la XCF libaki nalo nyumbani, na nakala yake ikae katika nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa babu. Familia hii wana flashi mbili. Ukurasa wenyewe ulichapishwa mara mbili, kwa kuwa nakala moja mama alimpelekea yule utingo, ambaye siku hizi ni dereva wa njia hiyohiyo.