Damu baada ya kukoma hedhi: Onyo lisilofaa kupuuzwa

MWANAMKE aliyekoma kupata hedhi akiona damu tena, hata iwe matone machache, hana budi kwenda hospitalini bila kukawia. Damu hiyo si hedhi iliyorejea. Huenda imesababishwa na maradhi madogo yanayotibika upesi, lakini huenda pia ni dalili ya saratani ya lango la uzazi au ya mji wa mimba.

Onyo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Maseno na sehemu nyingine zilizo karibu na Ziwa Victoria. Nchini Kenya, saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi, ikifuatwa na ya lango la uzazi. Hii ya pili huwaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, ingawa hutibika ikigunduliwa mapema.

Chanzo chake ni virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa ngono. Aghalabu mwili huvishinda wenyewe. Visipotoka, baadhi ya aina zake, hasa ya 16 na ya 18, hubadilisha seli za lango la uzazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani.

Ndiyo maana ajuza aliyefiwa na mumewe zamani aweza kuugua leo kutokana na virusi alivyoambukizwa ujanani. Ugonjwa huo si ushahidi wa uasherati, na hakuna sababu ya kumwonea haya wala kumficha.

Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10, na hatari ya kupata saratani hii huwa takriban mara sita zaidi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maambukizi ya Ukimwi yalikuwa asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Dawa za kupunguza makali zimewawezesha wengi kuishi hadi uzeeni. Hiyo ni heri kubwa, lakini sasa wanafikia umri ambao saratani hujitokeza zaidi.

Hapa ndipo penye pengo. Mpango wa uchunguzi nchini huwalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Aliyepita umri huo kabla ya huduma kufika kijijini mwake huenda hajapimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kwamba, baada ya miaka 50, uchunguzi usitishwe tu iwapo vipimo viwili mfululizo vimeonyesha mama yuko salama. Asiyewahi kupimwa, basi, hajaondolewa katika orodha.

Kipimo nacho kina umuhimu wake. Katika zahanati nyingi, mhudumu hupaka siki kwenye lango la uzazi na kutazama kama pana sehemu zinazogeuka nyeupe. Njia hiyo huwafaa wanawake wa umri wa kuzaa. Hedhi ikishakoma, eneo ambalo saratani huanzia hurudi ndani ya mfereji wa lango, lisionekane kwa macho. Kwa mwanamke mzee, kipimo cha kutafuta virusi vya HPV hufaa zaidi. Isitoshe, aweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani kwa kijiti chenye pamba. Katika Kaunti ya Migori, watafiti waliwapa wanawake wa miaka 25 hadi 65 nafasi ya kupimwa kwa njia hiyo.

Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini mnamo Oktoba 2019, itawakinga wajukuu. Haiwezi kuondoa virusi ambavyo tayari vimo mwilini mwa nyanya.

Anayesubiri hadi apate maumivu makali ya kiuno, uvimbe wa miguu au shida ya kukojoa, mara nyingi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea. Damu huja mapema zaidi, na nyanya wengi huificha kwa haya. Binti au mkaza mwana anayemuuliza kwa upole, kisha akamsindikiza kliniki, aweza kumwokolea maisha.