Vichekesho vya mapenzi vinavyodumu (3): Mhusika ni mali ya watazamaji

Katika makala mbili zilizotangulia tuliona jinsi hadithi ya mapenzi inavyotungwa hadi ikachekesha, na kwa nini filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 ziliuzwa kama "sehemu ya kwanza" na "sehemu ya pili". Tulisema kwamba ile haikuwa mifululizo. Ilikuwa filamu moja iliyokatwa katikati ili mnunuzi alipe mara mbili. Leo tunawageukia waigizaji. Mtu anayecheza nafasi ileile, ana mke yuleyule au anamfukuzia mchumba yuleyule miaka nenda miaka rudi, huwa anapitia nini? Na sisi wa Moshi, Marangu na Rombo tuna la kujifunza humo?

Tuanze kwa majirani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo huku kaskazini, mwenye seti aliyetaka kuona chochote aliielekeza antena yake Kenya. Kwa watu wa Rombo hilo halikuwa la ajabu. Hata leo, ukitoka Holili kuelekea Tarakea, redio za Kenya zinasikika vizuri, na simu yako inaweza kuhamia mtandao wa upande wa pili kabla hujavuka mpaka. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mzee wa mlimani anayemfahamu Mzee Ojwang' vilevile anavyomfahamu mchekeshaji wetu King Majuto.

Ojwang' ni baba mwenye nyumba katika Vitimbi, igizo lililoanza miaka ya 1980 wakati shirika la utangazaji la Kenya likiitwa Sauti ya Kenya, kabla ya kuwa KBC mwaka 1989. Aliyemcheza ni Benson Wanjau. Mkewe, Mama Kayai, alichezwa na Mary Khavere. Hao wawili walizozana, wakanuniana na kupatana mbele ya taifa zima kwa zaidi ya miongo miwili. Khavere amelieleza jambo hili katika mahojiano zaidi ya mara moja: watu wengi waliamini kabisa kwamba yeye na Wanjau ni mume na mke, wakati kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Kumkanusha mtu wa namna hiyo ni kazi, maana ushahidi wake ameuona kwa macho yake mwenyewe kila wiki.

Kuna jingine ambalo wengi hawakulijua. Ojwang' ni Mjaluo kwa jina na kwa lafudhi, lakini Wanjau alikuwa Mkikuyu. Nchi ambayo siasa zake zimewahi kuwachonganisha watu wa makabila hayo mawili ilimpenda Mjaluo aliyechezwa na Mkikuyu, wala haikuona kasoro. Sababu ni kwamba lafudhi ilikuwa mlango tu. Ukishaingia ndani ulimkuta mzee mwenye majivuno, mgumu wa kutoa hela, anayetaka kuheshimiwa kuliko anavyostahili, na mwenye mke anayemjua nje ndani. Mzee wa aina hiyo yuko Kisumu, yuko Murang'a, na Kibosho pia yuko. Sasa mtazame Mchaga wa vichekesho vyetu vya Bongo. Anaingia, anavuta maneno kwa lafudhi ya mlimani, anataja fedha, watu wanacheka, anatoka. Huyo bado amesimama mlangoni. Hajapewa mke, hajapewa hofu wala aibu, na mtu asiye na aibu hawezi kubeba kichekesho cha mapenzi hata kwa nusu saa.

Kizazi kilichofuata cha Kenya kilimpata Papa Shirandula, igizo la Citizen TV lililoanza mwaka 2007. Papa, aliyechezwa na Charles Bukeko, anaondoka nyumbani asubuhi amevaa suti kama bosi. Akifika kazini anaivua, anavaa sare na kukaa getini, kwa kuwa kazi yake ni ulinzi. Mkewe, Wilbroda, anaamini mumewe ni mtu wa ofisini. Igizo limesimama juu ya suti hiyo moja. Mtazamaji anacheka kila Papa anapokaribia kuumbuka, lakini chini ya kicheko anajua kwamba uongo ule ni wa mapenzi: mwanamume anaogopa kudharauliwa na mke anayempenda. Jacqueline Nyaminde, aliyemcheza mke huyo, hadi leo watu wanamwita Wilbroda hata nje ya igizo. Bukeko alipofariki Julai 18, 2020, kipindi hakikuendelea. Mwigizaji mwingine angeweza kupatikana. Papa mwingine asingepatikana.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko mbali, nchini Japani. Kati ya mwaka 1969 na 1995 mwigizaji Kiyoshi Atsumi alicheza filamu 48 kama mtu mmoja, Tora-san, mchuuzi anayezunguka nchi na sanduku lake mkononi. Karibu zote alizielekeza Yoji Yamada. Kisa ni kilekile kila mara. Tora anarudi nyumbani kwao, mtaa wa Shibamata jijini Tokyo, anavuruga amani ya ndugu zake, anampenda mwanamke, anamkosa, anabeba sanduku lake na kuondoka. Dada yake, Sakura, alichezwa na Chieko Baisho kuanzia filamu ya kwanza. Kwa miaka mingi zilitoka filamu mbili kwa mwaka: moja Agosti, msimu ambao Wajapani hurudi makwao kuwakumbuka wazee waliotangulia, na nyingine mwisho wa mwaka.

Tora hakuanzia kwenye sinema. Alianzia kwenye televisheni mwaka 1968, na igizo lilipofikia mwisho mwaka uliofuata, mtunzi alimuua kwa kuumwa na nyoka. Watazamaji walikuja juu, wakapiga simu kulalamika, na filamu ya kwanza ikatengenezwa ili kumrudisha. Hapo ndipo mwenye mali alipojulikana. Mtunzi alidhani mhusika ni wake na anaweza kumzika akitaka. Wenye mali walimfukua.

Atsumi alilielewa hilo kuliko wote. Waigizaji wengine hueleza nafasi zao kwenye mahojiano, lakini yeye alichagua kunyamaza. Maisha yake ya nyumbani aliyaficha, ili mtazamaji asije akamwona baba mwenye familia pale anapotaka kumwona Tora mseja asiye na bahati. Alipofariki Agosti 4, 1996, familia ilimaliza mazishi kimya kimya ndipo umma ukaarifiwa. Leo nje ya kituo cha treni cha Shibamata kuna sanamu. Ni ya Tora, akiwa na kofia na sanduku lake.

Tukiyaweka pamoja haya, tunapata mambo matatu ambayo mwigizaji wa kichekesho cha mapenzi cha muda mrefu lazima awe nayo. La kwanza ni udhaifu usiopona. Katika filamu ya mara moja mhusika hujifunza na kubadilika. Katika mfululizo, akijifunza tu, kazi imekwisha: Papa akimwambia mkewe ukweli, Tora akioa, hakuna cha kusubiri. La pili ni mwenza. Kicheko cha mapenzi hakitoki kwa anayesema bali kwa anayesikiliza, ndiyo maana Ojwang' bila jicho la Mama Kayai ni mzee anayepiga kelele tu. La tatu ni umri. Mwigizaji anazeeka mbele ya watu, na watazamaji wanazeeka naye, hata ikafika siku wanacheka kwa sababu wanajicheka wenyewe.

Jambo la nne haliko kwa mwigizaji, liko kwenye kalenda. Mfululizo unahitaji msimu wake, wakati ambao watu wako tayari kurudiwa na mhusika waliyemzoea. Na hapa ndipo Kilimanjaro inapoingia, kwa kuwa hakuna mkoa nchini wenye msimu unaojulikana kama Desemba yetu. Wachaga tunarudi nyumbani kwa Krismasi, na nchi nzima hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Mabasi yanajaa, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam imerudi Moshi baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Njia Panda ya Himo inakuwa na magari kuliko inavyoweza kubeba, haya yakipanda Marangu, yale yakielekea Rombo.

Sasa mfikirie mtu mmoja ndani ya foleni hiyo. Ana duka la rejareja Mbagala, wateja wanamwita Mangi. Umri umesogea, hajaoa. Gari analoendesha ni la kukodi, na huko nyumbani amesema ni lake. Akifika, mama anamwuliza la kila mwaka kabla hajamkaribisha mtori. Wajomba wamekaa na mbege, wanangoja kusikia mtoto wa nani ataletwa. Yuko mwalimu wa shule ya jirani ambaye Mangi alimkosea mwaka juzi, na mtu mzima akikosea huku anatumwa mzee na jani la isale kwenda kuomba radhi. Suti ya Papa Shirandula na gari la kukodi la Mangi ni ndugu. Tora anarudi Agosti na mwisho wa mwaka, Mangi anarudi Krismasi. Mwaka huu anakaribia kufanikiwa, kisha mwenye gari anapiga simu akidai gari lake. Mwakani atarudi tena.

Vipande vyote hivyo viko, na vinatembea barabarani kila Desemba. Tamthilia za mapenzi za Kiswahili zimeshapata watazamaji waaminifu. Jua Kali ya Leah Richard, maarufu kama Lamata, imeonyesha kwamba Mtanzania yuko tayari kumfuata mhusika mmoja msimu baada ya msimu. Filamu ya kila mwaka yenye mhusika mmoja, kijiji kimoja na waigizaji walewale wanaozeeka pamoja nasi, hiyo bado.

Lakini kabla ya kukimbilia kamera, tukumbuke deni. Benson Wanjau, aliyewachekesha Wakenya kwa miongo, alifikia hatua ya wananchi kumchangia fedha za matibabu ya macho. Kwetu, mwaka 2018, malalamiko kuhusu malipo ya kazi za King Majuto yaliifanya Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, kuunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huohuo. Watazamaji wakishamchukua mhusika, mwigizaji hubaki na vitu viwili: jina analoitwa barabarani na karatasi aliyotia saini. Jina halilipi hospitali.

Kwa hiyo nawaomba watayarishaji wa Moshi na Arusha, pamoja na watoto wa mlimani wenye mitaji Dar es Salaam: mtafuteni Mangi wenu, mumpe mwenza anayemweza, mumtoe kila Desemba. Na siku ya kwanza, kabla ya picha ya kwanza kupigwa, muandikeni katika mkataba sehemu yake ya mapato kwa kila mara filamu itakapoonyeshwa. Wiki ijayo tutaeleza mkataba wa namna hiyo unavyoandikwa, na mirabaha inavyodaiwa kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Itaendelea.